Naam Iliyonipeleka kwa Nyangumi

Nikipita Malindi upande wa soko la samaki, kuna watu mpaka leo huniita Mayai, na wageni wakisikia hudhani nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari (niliwahi kuuza, ni kweli, lakini jina halikutoka huko). Jina lilitoka baharini, mbele ya wakwe wa watu, siku niliyoaibika mpaka samaki wakanionea huruma, na afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine hutia chumvi, na mkasa huu una chumvi yake ya kutosha, niliinywa kwa mdomo na kwa pua.

Asubuhi hiyo niliondoka Tezo kwa shangazi bila mpango wowote. Niliamka tu miguu inawasha, kama inavyowasha kila nikikaa mahali mpaka mbwa wa jirani akaacha kunibwekea. Shangazi alinikuta nafunga mkoba, akauliza, "Karisa, waenda wapi tena?" nikamjibu, "Sijui bado, shangazi," naye akatikisa kichwa akanifungia mihogo ya kuchemsha, kwa sababu amenilea na anajua kwamba mtu aliyeacha shule darasa la sita ili aone barabara inaishia wapi hafungiki kwa maneno. Nikavaa suruali ya marehemu mjomba, ambayo kiuno chake kingetosha watu wawili wa saizi yangu, nikaikaza kwa kamba ya katani (hiyo kamba ikumbukeni), nikadandia pikapu ya madafu iliyokuwa ikielekea kaskazini, na jua lilipoanza kuwa kali nilikuwa nimesimama ufuoni Malindi, natazama fundi akilainisha ufa aliouziba kwenye boti kwa mashine ya kusugulia.

Mimi nikiona mtu anafanya kazi nisiyoijua, lazima nisimame. Nimesimama hivyo maisha yangu yote, na ndiyo maana najua kidogo cha kila kitu na sijui chochote mpaka mwisho. Basi nilikuwa nimeingiza kichwa ndani ya ile boti, mashine inapiga kelele kama nyuki wa shaba, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Kijana!"

"Naam!"

Akasema jambo, mashine ikalimeza. Nikageuka nikamwona mama mmoja wa mjini, buibui safi, kikapu mkononi kinanukia hiliki, nami nikamwambia, "Naam?"

Sasa hapa lazima niwaeleze, hasa nyinyi wa bara. Kwetu mtoto hufundishwa kwamba mkubwa akikuita usiseme "eeh" wala "nini", sema naam. Lakini naam ni mbili. Kuna naam ya kuitika, yaani nimekusikia unaniita, endelea, na kuna naam ya kukubali, yaani ndiyo, ni kweli, nimeridhia. Kinachozitofautisha ni ule mkia wa sauti, unapanda au unashuka, na mkia wa naam yangu ulichukuliwa na mashine ya fundi. Mimi niliuliza, yeye akasikia nimekubali.

"Alhamdulillahi!" akasema. "Twakungoja tangu saa ngapi, na wakwe zangu wamekaa juani kama samaki ng'onda wanaokaushwa! Haya twende, boti iko tayari, nahodha ashachoka."

Baadaye nilikuja kujua kwamba swali lililomezwa lilikuwa, "Wewe ndiye wa nyangumi?" Alikuwa ameagiziwa kwa simu mtu wa kueleza habari za nyangumi, mtu asiyemjua kwa sura, na huyo mtu alikuwa amechelewa. Tulipofika kwenye maji, akataja nyangumi, nikaanza kuelewa, na hapo ndipo ningesema, "Bi, umekosea mtu." Maneno machache tu. Lakini nilikuwa sijawahi kumwona nyangumi, nami nimetamani kumwona tangu mpishi mmoja wa Watamu aliponihadithia, na kile kikapu kilikuwa na mahamri. Nikanyamaza. Ukimya ukawa ndio nauli yangu.

Mama huyo, Bi Zuhura, akanivuta kando akaninong'oneza. "Sikiza mwanangu. Yule mzee mwenye kofia ni Mzee Mwero wa Mariakani, mwenye ng'ombe wa maziwa. Binti yake ndiye mwanangu Faraj amemtaka. Posa tumepeleka, mzee hajatoa neno. Asema vipi atamtoa binti kwa watu wasio na mifugo, watu ambao mali yao iko chini ya maji haionekani. Leo nataka aione. Nataka arudi kwao moyo umekunjuka. Wewe mweleze, kwa adabu, usimwache na swali. Wanifahamu?"

Na mimi nikamjibu nini? "Naam." Hiyo ilikuwa ya kukubali, siwezi kumsingizia fundi.

Tukapanda. Nahodha Shee alikuwa mtu wa maneno machache, mswaki wa mti mdomoni, akanitazama toka kichwa mpaka kamba ya katani. Mzee Mwero akakaa mbele, mgongo wima kama yuko barazani. Mkewe, Mama Mejumaa, alishika ubao kwa mikono miwili na kusoma dua. Na Faraj, bwana harusi mtarajiwa, mtoto wa Malindi aliyezaliwa anasikia mawimbi, tulipovuka tu pale maji yanapovunjika akawa wa kijani, akainamisha kichwa nje ya boti mbele ya mkwewe, akatapika chai yote ya asubuhi. Mzee wa ng'ombe alikuwa anatafuna hamri.

"Huyu ndiye mtu wa bahari?" akauliza.

"Ni furaha, mzee," nikasema, kwa sababu Bi Zuhura alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba msaada. "Hata pomboo wakifurahi hutoa pumzi hivyo."

Na kweli pomboo wakatokea, kama niliowaita kwa jina. Wakaja kundi zima, wakaruka, wakajipanga mbele ya boti wakiteleza bila kupiga hata mkia. Mzee Mwero akauliza kwa nini wanatukimbilia badala ya kutukimbia. Nikamwambia boti inasukuma maji mbele yake, nao wanayapanda hayo maji, wanabebwa bure, kama watoto wanaodandia mkokoteni. Hili nililipata kwa yule mpishi wa Watamu na ni kweli kabisa. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Bi Zuhura akatabasamu. Ndugu zangu, sifa ni pombe. Kama ningefunga mdomo pale, leo ningekuwa naitwa Mwalimu.

"Na hawa huzaaje?" mzee akauliza. Mfugaji lazima aulize hilo.

"Hutaga, mzee."

"Hutaga nini?"

"Mayai. Makubwa. Kama ya mbuni."

"Huyataga wapi?"

"Chini, kwenye mchanga, nyuma ya matumbawe," nikasema, na mkono wangu ukaonyesha kabisa mahali penyewe, kama mtu aliyewahi kuyaokota. Mswaki wa Nahodha Shee ulisimama mdomoni. Sikuelewa ishara hiyo.

Tukaenda kaskazini muda mrefu. Mbele yetu nikaona kitu cheusi kimelala juu ya maji, hakitikisiki, mawimbi yanakipanda na kukishuka. "Nahodha, chunga, mwamba!" nikapiga kelele kwa sauti ya mjuzi. Mwamba ukapumua. Ulitoa pumzi juu kama bomba la maji lililopasuka barabarani, puuuh, upepo ukatuletea ule mvuke wote usoni, na ulikuwa unanuka samaki aliyesahauliwa kwenye mkoba wiki nzima. Mama Mejumaa akasema, "Mulungu wangu!" na kuziba pua kwa ncha ya leso aliyojitanda. Nyangumi alikuwa amepumzika, ndugu zangu. Wao hulala hivyo, juu juu, kama gogo. Nami nilikuwa nimemwita mwamba mbele ya wakwe.

Lakini mwongo hazami mara moja, kwanza huelea. "Nilikuwa nawajaribu," nikasema. "Mwelezaji mzuri huwajaribu wageni."

Nyangumi akasogea. Mzee Mwero akanyoosha kidole upande wa pili wa boti, akasema taratibu, "Pale pana kidogo. Kama ndama."

"Hapana mzee, huyo ni pomboo," nikamjibu, hata sikugeuka kuangalia.

Ndipo nyangumi mkubwa akainua mkia nje ya maji, mpana kama bati la paa, akaupiga, pwaa! Akaupiga tena. Watu wote wakanigeukia mimi. Sasa fikirini: mtu aliyeshika mkia darasani kila muhula, leo anaulizwa maana ya mkia.

"Anatusalimia," nikasema. "Huko kwao ndiyo hodi. Na hodi lazima ijibiwe. Nahodha, pita hapa kati yake na yule pomboo, tumkabili, tumpigie karibu." Nikasimama juu ya ubao wa mbele kabisa, nikachukua kifuniko cha sufuria ya mahamri kikapuni, nikaanza kukipiga kwa kiatu.

Nahodha Shee akapunguza mwendo. "Bi Zuhura," akasema, "tumsikize huyu?"

"Si ndiye mjuzi?" akasema Bi Zuhura. "Msikize."

Nahodha akaingia katikati polepole sana, shingo upande. Nyangumi akapiga mkia wa tatu, karibu kiasi kwamba maji yake yalitupiga kama ndoo, kofia ya Mzee Mwero ikaruka, nahodha akakata usukani kwa nguvu kutoka mbele yake, boti ikageuka kushoto, na mimi niliendelea moja kwa moja. Kifuniko nilikuwa nacho bado mkononi.

Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile. Nilipozama, kabla hofu haijanifikia, nilisikia sauti. Sauti ndefu, inashuka, inapanda, kama mlango mkubwa unaofunguliwa polepole katika nyumba isiyo na watu, na niliisikia kifuani kuliko masikioni. Nahodha aliniambia baadaye ni nyangumi dume, huimba, pengine alikuwa mbali sana, maji huibeba. Nilisahau kupiga miguu. Nilipokumbuka na kurudi juu, kamba ya katani ilikuwa imelowa, imelegea, imetoka, na suruali ya marehemu mjomba ilikuwa imemfuata marehemu. Nilibaki na kaptura ya ndani ambayo sitaieleza, ila ilikuwa imeanza maisha kama kitu kingine.

Nahodha alizima injini asije akanikata kwa pangaboi la injini, akanivuta kwa kola kama kondoo. Mama Mejumaa aligeuza uso baharini, mama mwenye staha, akanirushia leso aliyoziba nayo pua. Nikajifunga. Kwenye leso hiyo palikuwa pameandikwa, kwa herufi kubwa zilizonikalia makalioni sawasawa: UZURI WANGU SI WA DUKANI.

Mzee Mwero akasoma. Akasoma tena. Ndevu zake zikatikisika.

"Kijana," akasema Bi Zuhura, na sauti yake ilikuwa chini, mbaya zaidi kuliko kelele. "Wewe ni nani?"

"Karisa, Bi. Wa Tezo."

"Si nilikuuliza, wewe ndiye wa nyangumi? Si uliitika naam?"

"Niliitika, Bi. Ilikuwa naam ya kuitika. Haikuwa naam ya kukubali."

"Mimi nilijua tangu kwenye mayai," akasema Nahodha Shee.

"Na ukanyamaza?"

"Ulinambia nimsikize."

Bi Zuhura akashika kichwa. Machozi yalikuwa karibu, nikayaona, na hapo ndipo aibu ilinifika kweli, kwa sababu kuanguka majini ni aibu ya kuchekwa, lakini kuona mama wa watu amejipanga miezi na posa ya mwanawe inazama kwa sababu wewe ulitaka hamri, hiyo haichekeshi. "Umeniaibisha mbele ya wakwe zangu," akasema. Faraj akainua uso wake wa kijani, akafungua mdomo kumtetea mama yake, akarudi kuinama.

"Nyamazeni," akasema Mzee Mwero.

Injini ilikuwa bado imezimwa. Kando ya boti, pale nyangumi alipozamia, maji yalikuwa yamelala laini, duara moja pana lisilo na wimbi, kama mtu amemwaga mafuta. Kisha akatokea, taratibu, na ubavuni mwake alikuwapo yule mdogo, yule niliyemwita pomboo. Mama yake akalala upande, akainua pezi lake refu, jeupe kwa upande wa chini, akalipunga hewani.

"Anapunga," nikanong'ona, mdomo wangu haujifunzi.

"Anapunga pepo?" akauliza Mama Mejumaa kwa hofu.

"Anapunga mkono, mama," akasema nahodha, na kwa mara ya kwanza alicheka. Akasema mara nyingine hufanya hivyo tu, hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini, labda ni kuongea na wenzake, labda ni kujinyoosha. Lakini ule mkia wa mwanzo ulikuwa mambo mengine.

"Ule naujua," akasema Mzee Mwero. "Tulipita kati yake na ndama. Ng'ombe wangu angetupiga teke bila hata kutuonya. Huyu katuonya mara tatu. Ana adabu." Akainama mbele. "Nahodha, huyu ndama anafanya nini hapo chini ya tumbo?"

"Ananyonya, mzee."

"Ananyonya! Maziwa?"

"Maziwa. Tena mazito hasa, kama samli iliyoanza kuganda. Mepesi yangepotea majini."

"Mazito hivyo," akasema mzee, "hata kiwandani kwetu wangeyakataa, mashine zingeziba." Akaanza kucheka peke yake. Yule mdogo akachomoza kichwa wima nje ya maji, akatutazama, kwa hakika alitutazama, jicho lake likapita kwa kila mmoja wetu likaishia kwenye leso yangu, kisha akarudi chini. Mzee Mwero akapiga paja lake. "Mke wangu, umeona? Kumbe ni mfugo! Hawa watu wana mifugo!"

"Tena haitafuti majani kiangazi," akasema Mama Mejumaa, mkono mmoja sasa umeachia ubao.

Tulikuwa tumelowa sote na Ngomeni ilikuwa karibu kuliko Malindi, basi nahodha akatupeleka huko, nyumbani kwa dada yake, Bi Maimuna, ambako tulikausha nguo na kuwekewa samaki wa kupaka na wali kwenye baraza. Nilikaa mwisho kabisa wa mkeka, leso yangu nimeikusanya magotini. Hadithi ilikuwa ishafika jikoni kabla ya mimi. Watoto walikuwa wanakuja mlangoni, wanasoma leso yangu, wanakimbia. Bi Maimuna mwenyewe alipoleta maji ya kunawa alisema, "Mkaribisheni na huyo Mayai," na tangu pale likawa jina.

Walipomaliza kula, Bi Zuhura akajitengeneza buibui, akakohoa. "Mzee Mwero," akasema, "lile jambo letu la watoto. Siku ya leo imekuwa kama ilivyokuwa, nakuomba radhi. Lakini nauliza, tuseme umeliridhia?"

Mzee alikuwa anatazama nje, upande wa bahari. Akasema, "Naam."

Baraza zima likageuka kumtazama. Bi Zuhura akafungua mdomo, akaufunga, hajui acheke au aulize tena, na kumwuliza mkwe mara ya pili ni utovu wa adabu. Sauti yake mzee ilikuwa ya mtu aliyeshtuliwa mawazoni, haikupanda wala haikushuka. Hakuna aliyethubutu. Na mimi, ambaye sikuwa na adabu yoyote iliyobaki ya kupoteza, nikasema kutoka mwisho wa mkeka:

"Mzee, samahani. Hiyo ni naam ya kuitika, au naam ya kukubali?"

Mzee Mwero akageuka akanitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka mkewe akaanza kumpigapiga mgongoni.

"Ya kukubali, Mayai," akasema. "Ya kukubali."

Bi Maimuna akapiga kigelegele, na jirani akakipokea bila kujua cha nini.

Waliondoka kabla maji hayajakupwa. Bi Zuhura alinipa mahamri yaliyobaki, akasema, "Mungu akusamehe, maana mimi bado nafikiri," lakini alikuwa anacheka. Boti ilikuwa na nafasi yangu. Sikupanda. Nahodha alikuwa amepigiwa simu kwamba yule wa nyangumi wa kweli amekaa ufuoni Malindi anamngoja aliyechukua kazi yake, na mimi na leso hatukuwa tayari kukutana naye. Isitoshe sikuwahi kulala Ngomeni, na ile sauti ya majini ilikuwa bado kifuani; nilitaka kulala mahali ambapo ningeisikia tena, au angalau kumpata mtu wa kumwuliza habari zake.

Nikabaki nimesimama nje, mkoba begani, mihogo ya shangazi ndani yake imekuwa uji. Tangu siku ile nimejiwekea sharti: nikiitwa siitiki mpaka swali limefika mwisho wake, na nikiulizwa nisichokijua nasema sikijui, hata kama kikapu kinanukia hiliki.

Bi Maimuna akatoka na ufagio. "Mayai!"

Nikanyamaza.

"Mayai, wewe! Huitiki ukiitwa?"

"Nasubiri swali liishe, mama."

Akaegemea ufagio, akanizunguka, akasoma leso mpaka mwisho. "Kuna chumba cha uani. Kitanda kina kamba mpya, ila jogoo hulala dirishani. Wakitaka au hukitaki?"

"Nakitaka, mama."

"Haya pita, uzuri usio wa dukani," akasema, "na kesho tukutafutie suruali."